Maji ya Yeriko na Kisima Chetu

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa pili, kuna habari fupi ambayo wengi wetu tumeisikia ikihubiriwa kama habari ya chumvi. Watu wa Yeriko wanamwendea nabii Elisha na kumweleza kwamba mji wao umekaa mahali pazuri, ila maji yake yana madhara na nchi haizai inavyopaswa. Nabii anaagiza chombo kipya kitiwe chumvi, anakwenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe, anaimwaga humo, na maji yanapona. Mahubiri karibu yote tuliyowahi kuyasikia juu ya habari hii yalianzia kwenye chombo kipya. Sisi tunaoandika maneno haya tulikuwa wajumbe wa kamati ya maji ya usharika wetu, chini ya Mlima Meru, na imetulazimu kuanzia mstari wa juu yake, pale watu wa mji wanapofungua vinywa na kukiri kwamba maji yao hayafai. Maana sisi tulikaa miezi saba bila kukiri.

Tueleze ilivyokuwa. Kwa miaka mingi washarika walichangia kisima kirefu. Waliokuwa na fedha walitoa fedha. Wasio nazo walileta ndizi, mahindi na kuku, vikanadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Mama mmoja mjane alinadiwa yai lake moja mara tatu, kila aliyelinunua akilirudisha linadiwe tena. Hatimaye mashine ikaja, ikachimba, maji yakapatikana. Yalitoka meupe, baridi, hayana harufu wala tope. Akina mama waliozoea kuteka kwenye mfereji mmoja na ng'ombe walisimama wakiyatazama yakitiririka kwenye ndoo, na baadhi yao walilia.

Siku mbili kabla ya ibada ya kukiweka kisima wakfu, majibu ya maabara yalifika katika bahasha. Yalisema maji hayana vijidudu, lakini floridi imo zaidi ya mara nne ya miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidishwe. Tuliisoma karatasi ile sote, tukatazamana, kisha mmoja wetu akasema tuisome vizuri baada ya sherehe. Ikaingia kwenye faili. Wakfu ukafanyika, kwaya tatu zikaimba, na bamba la jiwe lenye tarehe likabandikwa.

Hakuna mtu aliyezaliwa kwetu asiyejua maana ya floridi, hata kama hajui jina lake. Tuliokwenda kusoma Dar es Salaam tulitambuliwa tulikotoka mara tu tulipocheka. Wengi tulijifunza mapema kucheka tukiwa tumeweka kiganja mdomoni, kuficha meno ya rangi ya kahawia yenye vishimo. Baadhi ya wazee walisema ni maji ya mlima, na walikuwa sahihi. Wengine walinong'ona kuwa ni laana ya ukoo, na binti zetu wengine waliposwa kwa shida kwa ajili ya mnong'ono huo. Tuliijua karatasi ile inasema nini. Tusijifiche nyuma ya ugeni wa neno.

Lakini msomaji asidhani kwamba tulinyamaza kwa kuwa hatukuwajali watu. Hoja ya kunyamaza ilikuwa na uzito, na ni haki ielezwe kwa nguvu zake zote. Mfereji ulikuwa ukituletea homa ya matumbo na kuhara kila msimu wa mvua. Kuhara humuua mtoto ndani ya siku chache. Floridi haiui kesho. Huharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanaumbika ndani ya fizi, na ikinywewa kwa miaka mingi katika kiasi kikubwa hupinda mifupa na kukaza viungo. Tukitangaza kwamba maji ya kisima ni mabaya, tulisema, akina mama watarudi mfereji, na tutakuwa tumezika watoto ili kuokoa meno. Aliyeitoa hoja hiyo alikuwa mwema kuliko wengi wetu, na alikuwa amewahi kumzika mtoto wake mwenyewe kwa ugonjwa wa maji. Hakuna aliyethubutu kumjibu.

Kulikuwa na sababu nyingine pia, ambayo haikusemwa kwa sauti. Tuliwaonea haya wafadhili, na tulimwonea haya yule mjane wa yai.

Aliyevunja ukimya hakuwa mjumbe. Ni binti wa mzee mmoja wa kanisa, mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari, aliyekuja likizo na kuchukua chupa ya maji yale apime na wanafunzi wake. Alirudi mwezi uliofuata, akamwomba mchungaji akutane na kamati. Aliingia, akatuamkia shikamoo mmoja mmoja, akasema: "Wazee wangu, nimekuja kuuliza kama mnajua." Tukamwambia tunajua. Alikaa kimya muda mrefu. Baadaye alituambia kwamba alikuwa amejiandaa kwa jibu lile jingine.

Tunaandika hapa mambo aliyotufundisha wiki ile katika ukumbi wa kanisa, kwa ubao wa shule ya Jumapili na maharage ya jikoni kwa mama mchungaji, kwa sababu tuligundua kwamba ukimya wetu ulikuwa umesimama juu ya ujinga wa namna fulani. Tulidhani kitu ama ni kizuri ama ni kibaya, na ya kwamba kukiri ubaya wa maji ni sawa na kumwambia Mungu ametupa nyoka tulipoomba samaki.

Alianza kwa kuweka maharage tisa mezani, kwenye rundo. Hayo, alisema, ni protoni za florini, zimo katika kiini cha atomu, na idadi hiyo ndiyo inayoifanya iwe florini. Ikiongezwa moja tu inakuwa kitu kingine kabisa. Kisha akazungusha punje tisa za mchele kuwa elektroni: mbili katika duara la ndani, saba katika duara la nje. Duara lile la nje hutulia likiwa na nane. Florini imepungukiwa na moja tu, na maisha yake yote ni kuitafuta hiyo moja.

Upande wa pili wa meza akaweka sodiamu. Protoni kumi na moja, elektroni kumi na moja: mbili, nane, na moja peke yake nje. Sodiamu hutulia ikiiachia ile moja. Ikikutana na klorini, ambayo nayo ni ya ukoo wa florini na ina saba katika duara la nje, sodiamu hutoa na klorini hupokea. Aliyetoa anabaki na chaji chanya, aliyepokea anapata chaji hasi, na kwa kuwa chaji zilizo kinyume huvutana, zinashikana. Kifungo hicho ndicho chumvi ya mezani. Sodiamu peke yake hulipuka ikitiwa majini. Klorini peke yake ndiyo gesi iliyotumiwa kuua askari huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Zikifungamana tunazitia kwenye uji.

Mzee mmoja aliuliza kama ni halali kuita vitu visivyo na roho kuwa ni ukoo. Mwalimu akacheka, akachora jedwali la elementi, lile ambalo Mrusi Mendeleev alilichapisha mwaka 1869 baada ya kuona kwamba tabia za elementi hurudiarudia zikipangwa kwa uzito. Safu moja, ukoo mmoja: florini juu, chini yake klorini, kisha bromini, kisha iodini. Zote zina saba nje, zote hutafuta moja. Lakini kadiri unavyoshuka, duara zinaongezeka, na elektroni za nje zinakaa mbali zaidi na kiini. Mvuto wa kiini haufiki ukingoni kwa nguvu ileile. Ni kama mama anayemwita mtoto aliye mgongoni mwake na mama anayemwita mtoto aliye ng'ambo ya bonde. Ndiyo maana iodini, mkubwa wa mwili, ni mpole wa kukamata. Kwenye chumvi ya dukani tunaiita madini joto, na hutukinga na uvimbe wa shingo. Florini, mdogo kuliko wote, huvuta elektroni kuliko elementi nyingine yoyote iliyopo. Watu waliojaribu kuitenga katika karne ya 19 waliumia, na wengine walikufa, hata Henri Moissan wa Ufaransa alipofaulu mwaka 1886.

Hapo tulielewa jambo la kwanza. Meno na mifupa yetu imejengwa kwa kalsiamu na fosfati, na ndani ya jengo hilo kuna nafasi ndogo zinazokaliwa na haidroksidi. Floridi ina ukubwa unaokaribiana sana na haidroksidi, ina chaji ileile, na hushikana na kalsiamu kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo huingia na kukaa mahali pake. Ikiingia kidogo, jino linakuwa gumu zaidi dhidi ya asidi. Ndiyo sababu imo katika dawa ya meno. Ikizidi wakati jino la mtoto linaumbika, jengo linavurugika. Hapakuwa na laana yoyote. Florini ilikuwa ikifanya kwetu kitu kilekile inachofanya popote, kwa utii ambao sisi wanadamu hatunao.

Mzee wa pili, aliyekuwa amekaa nyuma na kofia magotini, ndiye aliyeuliza swali tulilokuwa tukiliogopa. "Mwanangu," alisema, "Elisha alitia chumvi. Kwa nini sisi tusikusanyike, tufunge, tuombe, tukatie chumvi kisimani?" Hakuwa akifanya mzaha.

Tunakumbuka jinsi mwalimu alivyomtazama mchungaji, na jinsi mchungaji alivyotazama meza. Kisha akajibu kwa upole. Chumvi, alisema, ni sodiamu na klorini, na katika maji hivyo viwili huachana, kila mmoja akaenda zake. Tukitia chumvi tutaongeza sodiamu, na sodiamu haiishiki floridi ndani ya maji, nayo huiachia. Kwa kweli maji ya kwetu yana sodiamu tele tayari, kutoka katika miamba ya mlima uliowahi kutapika moto, na yana kalsiamu kidogo. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Mahali penye kalsiamu nyingi, floridi hukamatwa ikatuama kama jiwe, kwa kuwa kalsiamu hutoa elektroni mbili, chaji yake ni maradufu, na kifungo chake na floridi maji hayawezi kukifungua kwa urahisi. Kwetu floridi inaelea kwa sababu haina wa kuishika. Kuchemsha nako hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke na floridi inabaki palepale, ikiwa imekolea zaidi. Magadi tunayotia kwenye maharage mara nyingine huiongeza.

"Basi Elisha alikosea?" akauliza mzee.

Mwalimu akasema hajui maji ya Yeriko yalikuwa na nini. Habari haisemi. Akasema muujiza wa Elisha ni wa Mungu, naye hana kipimo cha kuupima, lakini maji haya ya kisimani kwetu anacho kipimo chake, na hawezi kusema uongo juu ya kipimo ili kumlinda Elisha.

Hatukulala vizuri usiku ule. Tulirudi kwa Ayubu, mlango wa 13, anapowauliza rafiki zake kama wao watamnenea Mungu yasiyo haki kwa nia ya kumtetea. Rafiki za Ayubu walikuwa watu wa dini. Hawakumpinga Mungu hata kidogo. Walimtetea kupita kiasi, na mwishoni ndio waliokemewa. Tuliona kwamba ukimya wetu ulikuwa wa jamii hiyo. Tulikuwa tumesimama hadharani tukasema Mungu ametupa maji yaliyo safi, na tulipojua si hivyo kabisa, tuliona ni kazi yetu kuilinda sifa Yake, kana kwamba sifa hiyo ilikuwa imewekwa katika faili letu.

Turudi sasa kwenye ile hoja ya kuhara, kwa kuwa haikuwa hoja ya kipuuzi na haifai kuzikwa kwa machozi ya toba. Mpaka leo tunaamini yule ndugu yetu alikuwa sahihi kwa nusu moja. Kukifunga kisima siku ile kungekuwa kosa kubwa. Maji yenye floridi, yasiyo na vijidudu, ni heri kwa mtu mzima kuliko maji ya mfereji. Lakini kutokukifunga ni jambo moja, na kutokusema ni jambo jingine, nasi tuliyaunganisha kana kwamba hayatenganiki. Tungeweza kusema: kuna hiki, na kuna kile, mtu mzima meno yake yameshaota, hayatabadilika, mtoto wa chini ya miaka minane ndiye wa kulindwa, anayeweza akinge maji ya mvua kwa ajili ya wadogo, na ya kisima yatumike kwa kufua, kuoga na kunywesha wakubwa. Mama akishajua hayo anaweza kupima nyumbani kwake. Wapo wenye mabati na mapipa. Wapo wenye dada mjini. Wapo wasio na kitu, ambao wangeamua kama tulivyoamua sisi. Lakini wangekuwa wameamua wao. Tulichowanyang'anya ni kule kupima, tukakiita kuwahurumia.

Na miezi saba, kwa mtu wa umri wetu, ni msimu mmoja wa mahindi na kidogo. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni sehemu kubwa ya muda ambao meno yake ya mbele ya ukubwani yanajengwa. Watoto hao tunawafahamu kwa majina. Wawili ni wajukuu wa wanakamati.

Tulitangaza Jumapili ya pili ya Kwaresima. Mchungaji alisoma habari ya Yeriko, akaishia pale watu wa mji wanapomaliza kusema, akafunga Biblia, akatuita mbele. Hatutaeleza yote yaliyosemwa. Baadhi ya watu waliondoka wakaenda kusali kwingine na hawajarudi. Mjane wa yai alikuja baada ya ibada akatuuliza swali moja: kama mjukuu wake aendelee kunywa au asiendelee. Hakuuliza habari ya yai.

Dawa tuliyoipata ni mkaa wa mifupa. Si uvumbuzi wetu. Kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floridi kilichopo Ngurdoto, hapa hapa Arumeru, kimeufanyia kazi kwa miaka mingi, na huko Kenya Jimbo Katoliki la Nakuru nalo liliutumia. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo. Ukiichoma kidogo, maji yatanuka. Ukiichoma kupita kiasi ikawa myeupe, nguvu yake inapungua. Ikipondwa na kuoshwa hutiwa kwenye pipa, na maji hupitishwa humo polepole. Mfupa ni kalsiamu na fosfati, kama jino. Floridi inayotafuta jino la mtoto inakutana kwanza na mfupa wa ng'ombe, inaingia mahali palepale ilipokuwa ikapaingie, na inakaa. Yule mzee wa kofia aliposikia hayo alitukumbusha kwamba kitabu hichohicho cha Wafalme kinasimulia maiti iliyogusa mifupa ya Elisha ikafufuka. Tulimwambia hatutahubiri hivyo. Akasema yeye atafikiri hivyo, na hilo hatukuwa na sababu ya kumkataza.

Jirani zetu Waislamu, wanaoteka kisimani kama sisi, walituma watu wawili kuuliza ni mifupa ya wanyama gani na imechinjwa na nani. Zamani tungejibu kwa haraka kwamba ni ya ng'ombe, basi. Safari hii tuliwapeleka machinjioni wakajionea, na tukakubaliana kwamba mmoja wao awe anakagua kila mzigo unapofika. Sasa yumo katika kamati.

Mkaa huo hauwi na nguvu milele. Nafasi zake zote zikishakaliwa na floridi, maji hupita kama yalivyoingia, bado meupe, bado baridi, na hakuna jicho wala ulimi utakaogundua. Ndiyo maana kila Jumamosi mwanafunzi wa mwalimu yule huja na kipimo, na tarakimu inaandikwa kwa chaki ukutani mwa tangi, chini kidogo ya bamba la wakfu. Mwezi uliopita fedha za mkaa mpya zilichelewa. Jumamosi mbili mfululizo tarakimu ilizidi kiwango, na tuliiandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa, pamoja na maneno kwamba watoto wasinywe. Akina mama walifika na ndoo, wakasoma, wengine wakateka, wengine wakaondoka na ndoo tupu wakinung'unika juu ya kamati.

Mkaa uliletwa Jumatano.